Walimwangusha Saddam kwa wiki tatu, mbona walishindwa kuitawala Iraki?

"Mwalimu, salamu nyingi. Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, komine ya Katuba, lakini nimezaliwa Kisangani. Mwezi uliopita darasa la sita lilifika kwenye vita vya Iraki. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa Marekani ilimwangusha Saddam kwa wiki tatu, kwa nini ilihangaika pale miaka minane na bado ikaiacha nchi imevurugika? Mwenzake akamjibu kwamba Wamarekani walikuwa wapole mno, kwamba Wajerumani na Wajapani walitulia kwa sababu walipigwa mpaka wakanyooka. Darasa zima likamuunga mkono, nami nikakosa la kusema. Swali hilo limenifuata hadi nyumbani. Juni 2000 nilikuwa mtoto pale Kisangani, Waganda na Wanyarwanda walipopigana katikati ya mji wetu. Mama mdogo aliuawa na bomu. Majeshi yale yalituchukua bila taabu, mbona baadaye hayakujua la kufanya na sisi? Na tunasikia Uganda inalipa fidia. Je, familia kama yetu inaweza kudai chochote baada ya miaka yote hii?"

Pole sana, Mwalimu, kwa msiba wa mama mdogo. Swali la darasani na swali la nyumbani kwenu vina shina moja, kwa hiyo nitakwenda nayo pamoja, kuanzia Baghdad hadi Kisangani. Fidia nitaiweka mwisho, maana hapo kuna kazi ya kufanya kwa miguu na makaratasi.

Wanafunzi wako wanaamini kwamba aliyeweza kuvunja serikali anaweza pia kuweka nyingine. Wengi wanaamini hivyo, hata majenerali. Lakini jeshi linapovamia, linatafuta jambo moja tu: jeshi la upande wa pili livunjike, likimbie au lisalimu amri. Kwa kazi hiyo lina ndege, vifaru na mafunzo ya miaka. Vita vya Iraki vilianza tarehe 20 Machi 2003, na tarehe 9 Aprili sanamu ya Saddam ilikuwa chini Baghdad. Siku hiyohiyo kazi ikabadilika, na wengi wa waliokuwa pale hawakuwa wamefundishwa kazi mpya. Wizara zikaporwa, Makumbusho ya Taifa yakaporwa, hospitali zikaporwa, na askari wenye silaha nzito kuliko wote duniani wakabaki wakitazama kwa sababu hakuna aliyewapa amri ya kuwa polisi.

Lilete jambo hili hapa kwetu ili darasa lilione. Tuseme jeshi la kigeni limeingia Lubumbashi leo usiku na serikali imekimbia. Kesho asubuhi jeshi hilo lina funguo za gereza la Kasapa, na wafungwa wanataka kula. Mitambo ya Regideso inahitaji dawa za kusafisha maji, mafundi wanaulizia mshahara. Hospitali ya Sendwe ina wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji na umeme umekatika. Sokoni Kenya watu wanauliza franga ipi itakubaliwa. Wewe mwenyewe una wanafunzi wanaosubiri mtihani wa taifa: nani atautunga, nani atausahihisha, na cheti hicho kitakubaliwa wapi? Hakuna hata moja kati ya haya linalojibiwa na kifaru, na yote yanadaiwa kwa mtu mmoja, yule aliyeingia usiku.

Kuna hesabu inayotumiwa sana na wataalamu wa kijeshi: ili kutuliza eneo lenye vurugu unahitaji takriban askari 20 kwa kila wakazi 1000. Tukiihesabu Lubumbashi kuwa ya watu milioni 2 tu, na ni zaidi, hao ni askari 40,000 kwa mji mmoja. Iraki ya 2003 ilikuwa na watu kama milioni 25, yaani askari 500,000. Majeshi ya Marekani na washirika wake hayakufika hata nusu ya idadi hiyo. Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, aliliambia Bunge lao Februari 2003, kabla ya vita, kwamba watahitajika askari laki kadhaa. Wakubwa wa wizara ya ulinzi walimpinga hadharani.

Usiache darasa liishie kwenye hesabu, hata hivyo. Wakisikia 20 kwa 1000 watasema, basi tatizo ni idadi. Idadi ni sehemu ya tatizo. Sehemu kubwa ni kujua.

Katika mtaa wowote wa Katuba watu wanajuana. Wanajua nani ni mwizi na nani amesingiziwa wizi, nani alipata kiwanja kwa haki na nani kwa kumhonga mtu wa ofisi, nani ana ugomvi na nani tangu enzi za babu. Askari mgeni hajui lolote kati ya hayo. Hajui lugha, na hata akiijua hajui nyuma ya maneno kuna nini. Kwake yeye watu wote ni nyuso. Hawezi kumtofautisha mpiganaji na muuza mkaa mpaka mtu wa pale amwonyeshe kidole. Kwa hiyo jeshi linalokalia nchi ya watu, hata likiwa na satelaiti angani, linaishi kwa kutegemea midomo ya wenyeji.

Sasa jiulize ni wenyeji gani wanaokuja kwanza. Wapo wanaokuja kwa nia njema, wanaotaka maji yarudi na shule zifunguliwe. Lakini wenye haraka kuliko wote ni wenye kesi. Mtu mwenye ugomvi wa shamba anakuja kusema kwamba jirani yake ni mwasi. Mtu aliyenyimwa cheo anakuja kusema aliyepewa ni mfuasi wa serikali ya zamani. Mgeni anaandika, anakwenda usiku, anavunja mlango. Hivyo ndivyo Iraki ilivyojaza magereza watu ambao wengi wao hawakuwa wapiganaji, na picha za mateso ya Abu Ghraib zilipotoka Aprili 2004, kila familia yenye mtu ndani ikajua la kufikiri. Mkaliaji anadhani anawatumia wenyeji. Mara nyingi wenyeji wachache ndio wanaomtumia yeye kumaliza magomvi yao, kwa bunduki ambazo wasingezipata kamwe.

Mfano ulio wazi kuliko wote ninaoujua haukutokea Iraki. Ulitokea kwetu Kongo, katika eneo la Ituri linalopakana na Uganda, na naomba uufundishe bila kuharakisha.

Ugomvi wa ardhi kati ya baadhi ya Wahema na Walendu ulikuwapo tangu zamani. Ulikuwa na historia yake ya ukoloni, ya mashamba makubwa na ya hati zilizopatikana kwa njia mbalimbali. Uliwahi kumwaga damu hata kabla ya Waganda, lakini kwa miaka mingi machifu, mapadre, wachungaji na mahakimu waliweza kuuzima kila ulipowaka. Kisha jeshi la Uganda likaingia. Juni 1999 kamanda wake, Jenerali James Kazini, alitangaza mkoa mpya wa Kibali-Ituri, akamteua Adèle Lotsove kuwa gavana. Hebu tazama hilo kwa jicho la mwalimu wa historia: afisa wa jeshi la nchi nyingine anachora mkoa ndani ya Kongo na kuweka gavana, kama anavyogawa zamu za ulinzi. Gavana huyo alikuwa Mhema. Walendu wengi waliona kwamba mgeni amechagua upande. Baadhi ya wenye mashamba waliwalipa askari wa Uganda wawasaidie kwenye ugomvi wa mipaka. Baadaye maafisa wa jeshi hilohilo walifundisha na kuwapa silaha vijana wa upande mmoja, kisha wa upande mwingine, kadiri biashara na ushirika wao ulivyobadilika. Ugomvi uliokuwa ukiamuliwa na hakimu ukawa vita vya kabila zima. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilikuja kukadiria kwamba vifo vya Ituri ambavyo Uganda inapaswa kuvilipia ni kati ya 10,000 na 15,000.

Sidhani maafisa wa Kampala walikaa mezani wakapanga kuichoma Ituri. Walitaka usalama wa mpaka wao, halafu walitaka dhahabu na mbao, halafu walitaka watu wa kuwasaidia kuvipata. Kila hatua ilihitaji mwenyeji wa kushirikiana naye, na kila mwenyeji alikuja na adui zake.

Marekani ilikosea kwa njia tofauti. Paul Bremer, aliyepewa mamlaka juu ya Iraki, alifika Baghdad Mei 2003, na ndani ya wiki mbili akatoa amri mbili. Ya kwanza, tarehe 16 Mei, iliwaondoa kazini wanachama wa ngazi za juu wa Baath, chama cha Saddam. Ya pili, tarehe 23 Mei, ilivunja jeshi la Iraki. Darasa lako litafikiri waliofukuzwa ni wauaji wa Saddam tu. Waambie kwamba katika nchi ya chama kimoja hata walimu walijiunga na chama ili wapande cheo. Sisi tuliolelewa chini ya MPR ya Mobutu, ambako kila mtu alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Maelfu ya walimu wa Iraki walijikuta nje ya madarasa. Na wanajeshi laki kadhaa walirudi nyumbani bila mshahara, wakiwa na ujuzi wa silaha na ramani ya maghala ya risasi kichwani. Kwa wiki moja mkaliaji aliwafukuza wale waliojua nchi inaendeshwaje, akawapa sababu ya kumchukia. Wengi wa viongozi wa kijeshi wa kundi la Dola la Kiislamu (ISIS), lililouteka mji wa Mosul wa Iraki Juni 2014, walikuwa maafisa wa jeshi hilo lililovunjwa.

Kitu cha pili kinachomfunga mkaliaji, baada ya kutojua, ni kwamba kila mtu anajua ataondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hachukui jembe wala haagi. Karani wa komine anapoombwa kusaidia, anahesabu. Nikisaini karatasi zao, siku wakiondoka nani atanilinda? Nikikataa leo, watanifanya nini leo? Basi anafanya nusunusu: anakuja kazini, anachelewesha mafaili, anapeleka habari pande zote mbili. Mkaliaji akiona hivyo humwita msaliti au mvivu. Kumbe ni mtu mwenye watoto. Wanaojitolea mzima mzima ni wachache, na tuliona mwisho wao Kabul, Afghanistan, Agosti 2021, Wamarekani walipoondoka na wao wakabaki kwenye uzio wa uwanja wa ndege.

Hata mgeni anayepokelewa kwa vigelegele hafiki mbali zaidi. Idi Amin alivamia Kagera mwishoni mwa 1978. Tanzania ikamsukuma nyuma, ikaingia Kampala Aprili 1979 pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na watu wakacheza barabarani. Tanzania haikutaka kuimeza Uganda. Lakini Rais Yusuf Lule alidumu siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukapingwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Tanzania ilikuwa na askari pale, ilikuwa jirani, ilikuwa na haki upande wake, na bado haikuweza kuwapatanisha Waganda kwa niaba yao. Ethiopia, iliyoingia Mogadishu Desemba 2006 bila kupendwa, ilipata mabaya zaidi: ilivunja Mahakama za Kiislamu, umoja uliokuwa ukitawala mji huo wa Somalia, kwa siku chache, na kundi dogo la vijana lililokuwa ndani yake, al-Shabaab, likakua kwa kupigana na Waethiopia mpaka walipoondoka Januari 2009.

Sasa tumgeukie kijana wako wa ukali, maana hoja yake ina nguvu na inastahili jibu kamili. Ni kweli Ujerumani na Japani zilikaliwa na zikatulia. Lakini kilichozituliza hakikuwa kipigo cha baada ya ushindi. Serikali ya Japani ilisalimu amri rasmi tarehe 2 Septemba 1945, na mfalme wao mwenyewe aliwaambia watu wake waache kupigana. Wamarekani walimwacha kwenye kiti chake. Waliacha pia wizara, mapolisi, walimu na makarani wa Kijapani wakiendesha nchi kila siku, wao wakitoa maelekezo kutoka juu. Kwa maneno mengine, tatizo la kujua lilitatuliwa kwa kutowafukuza wanaojua. Kwa Ujerumani, jeshi la Marekani lilifungua shule ya kuwafundisha maafisa utawala wa nchi zilizotekwa, huko Charlottesville, tangu 1942, miaka mitatu kabla ya ushindi. Nchi zote mbili zilimwogopa Mrusi kuliko zilivyomchukia Mmarekani, na hakuna jirani aliyekuwa akipitisha bunduki usiku kwa waasi. Na tarehe ya kuondoka ilikuja: ukaliaji wa Japani uliisha Aprili 1952. Mwulize kijana wako, kati ya masharti haya, Iraki ilikuwa na lipi?

Akisisitiza ukali, mpeleke Ethiopia. Jeshi la Mussolini liliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Februari 1937 vijana wawili walimrushia mabomu ya mkono mtawala wa Kiitalia, Rodolfo Graziani, akajeruhiwa. Waitalia wakalipiza kwa siku tatu, wakaua maelfu ya wakazi wa mji, wakachoma nyumba watu wakiwa ndani, kisha wakawageukia watawa wa Debre Libanos. Ukali zaidi ya huo ni upi? Wapiganaji waliongezeka milimani. Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, na miezi miwili baadaye Jenerali Gazzera alisalimu amri huko Saio mbele ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Ubelgiji lililojaa Wakongomani. Wanafunzi wako wana haki ya kujua kwamba babu zao walikuwapo mwisho wa ukaliaji ule. Na ili tuwe waadilifu, wajue pia kwamba Force Publique hiyohiyo iliiteka Tabora Septemba 1916, na kwamba kwa mgongo wake Ubelgiji ilikalia Rwanda na Burundi na kubaki pale hadi 1962.

Ukali hauondoi tatizo la kujua, unalizidisha. Ukichoma mtaa kwa kosa la mtu mmoja, wale waliokuwa tayari kukueleza huyo mmoja ni nani wananyamaza, kwa woga au kwa hasira, na kesho utachoma mtaa mwingine kwa upofu uleule.

Huenda watakuuliza: basi mkaliaji angefanya nini? Hapa sina jibu la kuwafurahisha. Kukaa kunazaa chuki, na kuondoka haraka kunaweza kuua vilevile. Uganda ilipoondoa majeshi yake Bunia mwaka 2003, wanamgambo ambao yenyewe ilikuwa imewalea waligeukia raia, mpaka Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi cha dharura kilichoongozwa na Wafaransa. Kutawala kupitia wenyeji kunachagua upande; kutawala moja kwa moja kunahitaji askari na makarani usio nao. Lililo bora kidogo ni kuacha taasisi zilizopo zifanye kazi, kulipa mishahara, kuwaadhibu askari wako wanaopora, na kutangaza siku ya kuondoka unayokusudia kuitimiza. Majeshi machache mno yamefanya yote manne, kwa sababu sababu zilizowaleta mara nyingi haziruhusu. Aliyekuja kwa ajili ya dhahabu hawezi kumwadhibu askari anayechimba.

Hapo nafika Kisangani kwenu. Umeuliza mbona hawakujua la kufanya na ninyi. Nadhani ni kwa sababu kila upande ulikataa kwamba mlikuwa mikononi mwake. Rwanda na Uganda zilisema zimekuja kusaidia waasi wa RCD na kulinda mipaka yao. RCD ikagawanyika 1999, tawi moja likaegemea Kigali, jingine Kampala. Mji ukawa na majeshi mawili ya kigeni yaliyotaka uwanja wa ndege na biashara ya almasi, wala hakuna moja lililokubali jukumu la maji yenu, shule zenu au usalama wa mama mdogo. Yalipambana Agosti 1999, tena Mei 2000, na mara ya tatu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Mabomu yalianguka kwenye mitaa ya watu kwa siku sita, na mamia ya raia walikufa. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama, kwa azimio 1304, likazitaka nchi zote mbili ziondoke Kongo.

Sheria ilikuwa na majibu tangu zamani. Kanuni za The Hague za 1907 zinasema eneo linakaliwa linapokuwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui, na kwamba mwenye mamlaka hayo lazima arudishe utulivu, aheshimu sheria alizozikuta kadiri inavyowezekana, asipore wala kuruhusu uporaji. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unaongeza chakula, dawa, hospitali, watoto, na kukataza kuwaadhibu wengi kwa kosa la mmoja au kuwahamisha watu kwa nguvu. Ukaliaji haumpi mkaliaji umiliki wa hata kipande cha ardhi. Na sheria haiulizi kama umejitangaza. Kongo ilipoishtaki Uganda, Mahakama ile ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Ituri ilikuwa chini ya ukaliaji wake. Nje ya Ituri haikusema hivyo, jambo ambalo watu hulichanganya. Lakini kwa matendo ya askari wake kwingineko, Kisangani ikiwamo, Uganda ilibaki kuwajibika.

Najua ukisoma haya unawaza pia Goma na Bukavu, zilizoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwa urefu msaada wa jeshi la Rwanda kwa kundi hilo, Kigali inapinga, na azimio 2773 la Februari 2025 lililitaka jeshi la Rwanda liondoke Kongo. Ukaliaji kupitia kundi la wenyeji unathibitishwa mahakamani kwa kupima ni nani hasa anayelidhibiti kundi hilo, na kazi hiyo huchukua miaka. Raia halindwi na hukumu ya baadaye tu: uuaji, uporaji na kuwalazimisha watoto kubeba silaha ni makosa ya vita leo, awe mkaliaji au mwasi. Ukiwa na ndugu huko waliopotezana, nenda kwa Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta jamaa na hawachukui pesa.

Sasa fidia. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliitaka Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Fedha hizo zinalipwa kwa serikali ya Kongo, hazilipwi moja kwa moja kwa familia. Serikali iliunda mfuko maalumu wa kuzigawa kwa wahanga, unaojulikana kama FRIVAO, wenye makao Kisangani. Rwanda haimo kwenye hesabu hii: Kongo iliishtaki pia, lakini Februari 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Haikusema Rwanda haina hatia. Ilisema tu kwamba mlango huo wa kisheria haukuwa wazi.

Kwa hiyo, ndiyo, familia yenu inaweza kujitokeza, na msisubiri. Hili halimalizwi kwa simu. Mmoja wenu wa ukoo, ikiwezekana anayeishi Kisangani, aende ofisini mwenyewe na kuuliza utaratibu wa sasa wa kuandikisha wahanga. Atafute cheti cha kifo au hati ya mahakama inayokithibitisha, karatasi za undugu, karatasi yoyote ya hospitali, parokia au Msalaba Mwekundu ya Juni 2000, barua ya shefu wa kartie, na majina ya majirani walioona. Mashahidi wengi ni wazee, kwa hiyo waandikwe na wasaini mapema. Tengenezeni nakala na muwaachie ndugu wawili tofauti. Msimpe pesa mtu yeyote anayesema ana njia ya mkato ndani ya ofisi. Mkikuta mtu mwingine ameshaandikishwa kwa jina la marehemu, au faili limekataliwa bila sababu ya maandishi, hapo tafuteni wakili, au mashirika ya haki za binadamu ya Kisangani ambayo yamefuatilia kesi hii tangu mwanzo.

Jambo moja zaidi. Umeandika kwamba swali limekufuata hadi nyumbani. Ikiwa linakufuata hadi usingizini, ukisikia mshindo ukajikuta tena mtoto wa Juni 2000, zungumza na daktari au mshauri wa afya ya akili ana kwa ana. Mtoto aliyepita siku sita chini ya mabomu ana haki ya matibabu hata akiwa sasa mtu mzima mwenye darasa lake.

Na kwa darasa hilo, nakushauri uwape sehemu ya hukumu ya 2005 inayohusu Ituri. Kifaransa ni mojawapo ya lugha mbili rasmi za Mahakama hiyo, kwa hiyo wanafunzi wa darasa la sita wataisoma wenyewe bila mfasiri. Mpe kijana wa ukali kazi ya kumtetea Jenerali Kazini mbele ya wenzake, na yule aliyeuliza swali la kwanza umpe upande wa Kongo.